Ardhi Bila Daftari: Njia ya Zamani Kutoka Mpwapwa hadi Yaeda Chini

Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua rufaa ya shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, dhidi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, wilayani Hanang. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu Arusha ilikuwa imewapa wanakijiji ushindi: shirika liliingia katika ardhi yao na kulima ngano bila haki. Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Ilisema kijiji hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Ilisema pia kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana iliyowekwa na sheria ya ardhi, sheria iliyotungwa na Waingereza, kwa hiyo hawakuweza kusimama juu ya haki ya kimila.

Wabarabaig wa Hanang, ambao ni tawi la Wadatoga, walikuwa wamezika wazee wao katika tambarare zile tangu enzi za mababu. Watu wa namna hiyo walifikaje mahali pa kutakiwa kuthibitisha kwamba ni wenyeji?

Nimefanya kazi ya kusimamia mashauri ya ardhi ya vijijini: kupokea malalamiko, kufungua jalada, kuwatafuta mashahidi, kuwaandaa wadai, kuwaketisha majirani waliogombana, na kuhesabu siku ili rufaa isichelewe. Kila aliyefanya kazi hii katika nyanda za juu za kati ameisoma hukumu ya Mulbadaw, maana inaeleza jinsi watu wenye haki wanavyoweza kuondoka mahakamani mikono mitupu. Lakini jibu la swali lile halipatikani ndani ya hukumu yenyewe. Limetapakaa njiani, kuanzia Mpwapwa, kupita Kongwa, Dodoma na Kondoa, hadi Basotu na bonde la Yaeda. Njia hiyo ndiyo niliyoifuata.

Mpwapwa na mpaka wa Ugogo

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, upande wa Tabora, ilipumzika Mpwapwa, penye maji, kabla ya kuikabili Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemewa. Ng'ambo ya nyika hiyo ilianza nchi ya Wagogo, na humo hakuna msafara uliopita bure. Kila mtemi alidai hongo yake, yaani malipo ya kupita, kwa vitambaa, shanga na nyaya. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke waliilipa mwaka 1857, Stanley akailipa mwaka 1871, na vitabu vyao vimejaa manung'uniko kuhusu watemi wa Ugogo.

Msimamizi wa mashauri akiyasoma manung'uniko hayo anaona ushahidi. Mgeni anayelipa ili apite na achote maji anakiri kwamba nchi ina wenyewe. Wapagazi walijua utemi mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi, maana mpaka ulipovukwa hongo ililipwa upya. Mtemi naye hakuwa mtoza ushuru tu. Alishika mawe ya mvua, alisimamia matambiko ya ardhi, na watu wake walimtazamia yeye wakati wa kupanda na wakati wa ukame.

Novemba 26, 1895, serikali ya Ujerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni lake la Afrika Mashariki haina mwenyewe, ni mali ya dola, isipokuwa pale ambapo mtu, mtemi au jamii itathibitisha kuimiliki. Chini ya miaka 25 baada ya Stanley kulipa hongo, mambo yakawa yamegeuka. Mgeni hakuwajibika tena kueleza amepata wapi ruhusa ya kuingia. Mwenyeji ndiye aliyetakiwa kueleza amepata wapi haki ya kukaa.

Waingereza hawakuuondoa mzigo huo. Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yakatambua kwamba wenyeji wanaotumia ardhi kwa mila wana haki ya kuikalia. Utambuzi huo ulisaidia, lakini sheria iliamua pia nani ahesabiwe kuwa mwenyeji na nani asihesabiwe. Kipimo kilichowaangusha watu wa Mulbadaw mwaka 1985 kilitengenezwa wakati huo, na uhuru ulipokuja mwaka 1961 hakuna aliyekifuta.

Kongwa: nchi iliyoitwa tupu

Kutoka Mpwapwa si mbali kufika Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield uliizunguka Tanganyika kutafuta mahali pa kulima karanga, kwa kuwa Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Kongwa ikachaguliwa. Kazi ikaanza mwaka 1947, na tawi la reli likajengwa kutoka Msagali ili kufikisha mitambo. Lengo la awali lilikuwa kulima ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza, na hatimaye zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukafutwa, baada ya kumeza pauni milioni 36 na zaidi.

Wengi wanausimulia mpango wa karanga kama kisa cha matrekta yaliyoharibika na udongo uliokauka ukawa mgumu mara mvua zilipokatika. Kwangu sehemu nzito zaidi ni namna nchi ile ilivyotazamwa kabla ya jembe la kwanza kuingia. Waliokuja kupima waliona vichaka na nyumba chache, wakahitimisha kwamba nafasi ipo tele. Mgogo aliyekuwa akipeleka ng'ombe humo msimu wa mvua na kuwaondoa maji yakikauka hakuonekana, maana siku ya kupimwa hakuwapo. Mfugaji huyapumzisha malisho ili yarudi. Kipimo cha ofisini huiita ardhi iliyopumzishwa kuwa ardhi isiyotumika.

Mzungu alipoondoka, ardhi iliyofyekwa haikurudi yote kwa waliokuwapo. Sehemu yake ni Ranchi ya Kongwa, iliyo chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO. Kaskazini mwake kuna mpaka wa Kongwa na Kiteto, ambako wakulima, wengi wao kutoka Kongwa, na wafugaji wa Kiteto wamegombana kwa miaka mingi juu ya eneo la Emboley Murtangos, lililotengwa na vijiji kadhaa vya Kiteto kuwa hifadhi ya jamii. Mashauri yalifika hadi Mahakama ya Rufani. Hata hivyo, Januari 2014 watu waliuawa na nyumba zikachomwa moto. Mahakama inaweza kutamka mpaka uko wapi, lakini haiwezi kuwapatanisha watakaokutana hapo wakati wa kupanda. Kazi hiyo yahitaji mtu wa kukaa na pande zote mbili kabla ya mvua, na mtu huyo hakukaa nao mapema vya kutosha.

Dodoma: operesheni na makao makuu

Dodoma ni mji uliozaliwa na reli. Njia ya Wajerumani ilifika hapo mwaka 1910. Wagogo waliouzunguka waliendelea kuishi katika tembe zilizotawanyika, kila kaya karibu na mashamba na zizi lake, hadi Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipowahamishia katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wananchi. Operesheni ilitafuta kuwasogezea watu shule, zahanati na maji, na kuna waliovipata kweli. Lakini kuhamisha kaya ni kuhamisha madai. Shamba la mtu aliyeondolewa lilipewa mtu aliyeletwa, na mara nyingi hapakuandikwa lolote la kueleza kama amepewa, ameazimwa au ameshikiziwa tu. Wajukuu wa wote wawili ndio wanaokutana leo mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba, kila mmoja akiapa, na kila mmoja akisema kweli jinsi alivyosimuliwa.

Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Ardhi ya eneo la mji mkuu iliwekwa mikononi mwa mamlaka hiyo, na mkazi aliyepata kiwanja alipewa mkataba wa miaka 33. Vijiji vya Wagogo vilivyokuwa kando ya mji vikajikuta ndani ya ramani ya mipango miji. Kwa miongo minne malalamiko yalikuwa yale yale: fidia ndogo, fidia iliyochelewa, kiwanja kimoja kwa watu wawili, nyumba iliyobomolewa. Mei 15, 2017, Rais John Magufuli aliivunja CDA na kuhamishia kazi zake kwa Manispaa, ambayo Aprili 2018 ikawa Jiji.

Tangu hapo Dodoma imepanuka kuliko wakati wowote: Mji wa Serikali Mtumba, barabara ya mzunguko, reli ya kisasa, uwanja wa ndege wa Msalato. Nchi ilihitaji mambo haya. Yote yamechukua ardhi iliyokuwa na watu, na sheria inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Yule mama wa pembezoni mwa jiji anayepokea fomu ya uthamini asiyoielewa, akaitia sahihi kwa kidole gumba, ndiye ambaye msimamizi wa mashauri angepaswa kumfikia kabla wino haujakauka.

Kondoa: ardhi iliyofungwa ikapona

Barabara ya kaskazini inapita Kondoa, karibu na michoro ya miambani ya Kolo, iliyowekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Udongo wa Kondoa Irangi uliwahi kuliwa na makorongo vibaya sana. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo walitolewa.

Nyasi zilirudi, miti ikarudi, na asiyekubali hilo hasemi kweli. Ila mifugo iliyotolewa haikuyeyuka. Ilikwenda kwa ndugu na marafiki katika nchi za jirani, kwenye malisho ambayo tayari yalikuwa na wenyewe. Nimejifunza kuliuliza hili katika kila jalada: kabla hawajafika hapa, hawa walitolewa wapi? Mara nyingi mtu anayeitwa mvamizi ni mtu aliyewahi kuhamishwa kwa amri, na aliyemhamisha hakumwonyesha pa kwenda.

Basotu: shauri lililopotea

Kutoka Babati barabara hukata kuelekea magharibi hadi Katesh, chini ya mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, kisha njia huendelea hadi Basotu. Hapa udongo ni mweusi na mzito. Wabarabaig huziita muhajega zile tambarare zenye rutuba ambazo nyasi zake ni bora kuliko zote wakati wa masika. Mifugo ililishwa humo majira yake, kisha ikahamishiwa miinukoni, kando ya mto au ziwani, kwa mzunguko uliojulikana. Ukiziondoa muhajega, mzunguko wote unakatika, hata kama ardhi iliyobaki ni kubwa zaidi.

Mzunguko huo ulikuwa na sheria zake na mahakama zake. Jambo la watu wote lilipelekwa getabaraku, mkutano wa hadhara chini ya mti, ambako wazee waliwasikiliza wote hadi wakafikia neno moja. Ukoo ulikuwa na baraza lake la kulinda visima vyake. Wanawake walikuwa na baraza lao, lenye uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyekosea heshima yao. Juu ya yote palikuwa na bung'ed, kaburi la udongo linaloinuliwa kwa heshima ya mzee mashuhuri, ambalo vizazi vyake hulirudia kwa tambiko. Kila bung'ed ilisema ukoo gani umeketi hapo, na tangu zama za nani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ngano ilianza kulimwa Basotu, na kuanzia mwaka 1970 Kanada ikaleta fedha, wataalamu na mitambo. Yakawa mashamba saba, kila moja la kiasi cha ekari 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kwa jumla, ardhi waliyopoteza wafugaji imekadiriwa kufikia ekari 100,000. Nchi ilipata mkate. Wabarabaig walipoteza muhajega, njia zao za kwenda majini na kwenye chumvi zikazibwa, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na plau. Wapo waliopigwa na kutozwa faini kwa kuvuka shamba. Malalamiko yakazidi hata serikali ikaunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga, ambayo mwaka 1993 iliwasilisha taarifa juu ya ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo.

Shauri la Mulbadaw lilifunguliwa mwaka 1981 na halmashauri ya kijiji pamoja na wanakijiji 67. Ukilisoma kwa jicho la msimamizi, unaona mahali pa kila ufa. Kijiji kilikuwa kimeandikishwa, lakini hapakuwa na karatasi ya kuonyesha kimegawiwa ardhi gani na mipaka yake iko wapi. Wadai walikuwa wengi, waliosimama kutoa ushahidi wakawa wachache, na mahakama ikataka kila mdai athibitishe haki yake mwenyewe. Madai yalikuwa ya watu wanaotumia ardhi kwa pamoja, ilhali sheria ilijua kumpima mtu mmoja na shamba lake moja. Lugha ya hukumu ilikuwa Kiingereza. Wazee ambao getabaraku ingewasikiliza siku nzima hawakupata nafasi ya namna hiyo kizimbani.

Mashauri mengine yalifuata, kwa msaada wa Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1987 serikali ikatoa amri ya kufuta haki za kimila katika vijiji kadhaa vya mkoa wa Arusha wa wakati huo, na hoja za wadai zikakatwa miguu zikiwa bado mahakamani. Miaka ya 2000, NAFCO ilipokwisha nguvu, baadhi ya mashamba yaligawiwa wananchi na mengine yakapewa wawekezaji. Ardhi iliyorudi haikurudi kama muhajega. Ilirudi vipande, na vipande huzaa mashauri mapya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wabarabaig walikuwa na daftari: kaburi, kisima, mti wa mkutano, jina la kila bonde. Lililokosekana ni mtu wa kuliingiza daftari hilo katika jalada kwa namna ambayo mahakama isingeweza kulipuuza, na mahakama yenye nia ya kulisoma. Miaka 12 baada ya hukumu ya Mulbadaw, Mahakama ya Juu ya Kanada, nchi ile ile iliyogharimia ngano, iliamua katika shauri la Delgamuukw la mwaka 1997 kwamba masimulizi ya mdomo ya wenyeji ni ushahidi, nayo yapewe uzito wake sawa na nyaraka. Na Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za jamii ya Waogiek kwa kuwaondoa katika msitu wa Mau. Haki hiyo ilipatikana katika mji ule ule ambako watu wa Mulbadaw walikuwa wamefungua jalada lao la kwanza.

Mzee wa Kambi ya Simba

Shauri lililobadili upepo lilitoka pia kaskazini mwa njia hii, katika kijiji cha Kambi ya Simba, upande wa Karatu. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walikuwa wamepoteza ardhi waliyoishika kwa mila wakati wa Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu vijijini. Mwaka 1987 walifungua madai Arusha, wakashinda. Rufaa ikiwa bado haijaamuliwa, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na kuzuia mashauri ya aina hiyo yasisikilizwe mahakamani. Akonaay na mwanawe wakaipinga sheria yenyewe. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Ilisema pia kwamba Rais anaishika ardhi kwa niaba ya wananchi kama mdhamini wao.

Wakati huo huo Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilikuwa imezunguka nchi na kuwasilisha taarifa yake mwaka 1992. Tume ilitaka mabaraza ya wazee yapewe nafasi ya kweli na ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano wa kijiji. Serikali haikukubali yote. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilitamka kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na haki ya kupewa na serikali. Kila kijiji kikapaswa kuwa na Baraza la Ardhi la watu saba, watatu kati yao wanawake. Wabarabaig, ambao wanawake wao walikuwa na baraza lao, hawakuhitaji kufundishwa kwa nini.

Kazi ilivyo sasa

Shauri la leo huanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo husuluhisha tu. Likishindikana huenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu ya ardhi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri kabla Kata haijathibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 hazijapita bila suluhu. Kutoka hapo ni Mahakama Kuu, kisha Rufani. Mwaka huo huo wa 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, hatua ambayo wazee wa Mulbadaw hawakuipata.

Msimamizi mwema hutumia nguvu zake nyingi katika ngazi mbili za chini. Huandika majina ya wadai wote na kila mmoja anadai nini, maana shauri la uwakilishi linahitaji kibali cha mahakama na orodha isiyo na utata. Huuliza mgogoro ulianza lini, kwa kuwa madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Hutembea mpaka pamoja na wazee wa pande zote mbili, siku moja, mbele ya mtendaji, na kuchora makaburi, visima, malambo na njia za mifugo. Huwauliza wanawake peke yao, maana mkutanoni mara nyingi wananyamaza, nao ndio wanaojua kisima kilichimbwa na nani. Na muhtasari ukiisha kuandikwa, huwasomea watu kwa sauti kabla ya sahihi. Kazi hii haina sifa. Ikifanywa vyema, wakili hapati kesi ya kupigania.

Ushahidi kwamba inawezekana uko Yaeda Chini, wilayani Mbulu, mwisho wa njia niliyoifuata. Huko wanaishi Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda na mizizi, watu wapatao elfu moja na ushee, ambao kila jirani aliyepungukiwa malisho au shamba aliwaona kama hawana nchi. Oktoba 2011 walipewa hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000, kwa juhudi za shirika la Ujamaa Community Resource Team. Edward Loure, Mmaasai wa Simanjiro aliyeongoza kazi ya kupata hati za aina hiyo katika eneo la zaidi ya ekari 200,000, alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016. Hati ile ni ya jamii nzima. Hakuna mtu mmoja wa kuiuza, na hakuna haja ya kumwuliza kila Mhadzabe shamba lake liko wapi. Kile ambacho mahakama ilishindwa kukiona Mulbadaw, kwamba watu wengi wanaweza kuwa wenye ardhi moja kwa pamoja, kimeandikwa na kupigwa muhuri.

Basi wewe mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mjumbe wa baraza, usingoje mwekezaji wala trekta la jirani. Itisha mkutano mkuu wa kijiji. Ukague Cheti cha Ardhi ya Kijiji, na kama hakipo, kidai. Wapeleke wazee mpakani wakiwa bado wana nguvu za kutembea, andika wanachosema, wasomee, waweke sahihi, kisha nakala moja ibaki kijijini na nyingine ipelekwe wilayani. Na ninyi wa halmashauri na wizara, mgharimieni msuluhishi akae na watu mpakani kabla ya msimu wa kupanda, badala ya kutuma askari baada ya mazishi. Nyanda za juu za kati zimekwisha kulipa gharama ya majalada matupu kwa zaidi ya miaka mia moja. Sheria sasa ipo na wazee bado wapo, lakini wazee hawatangoja.